Pedi ya gemu imeboreshwa kwa ajili ya nani?

Historia ya gemu za nyumbani husimuliwa kama safari ya raha: kila pedi mpya inakaa vizuri mkononi kuliko ya jana. Simulizi hiyo inamsahau mtu mmoja, fundi.

Tuanze Marekani, 1972. Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, ilichezwa kwa visanduku viwili vya kuzungusha, kama unavyoongeza sauti ya redio. Ukizungusha, ukinzani wa umeme unabadilika na doa jeupe linahama kwenye skrini. Mashine ilichomekwa sehemu ya antena, yaani ilikuwa kama kituo kidogo cha televisheni sebuleni. Tanzania Bara, vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo 1994. Ndiyo maana wengi wetu gemu hatukuikuta sebuleni, tuliikuta kibandani, kwa kulipia.

Mwaka 1983 ikaja Famicom ya Nintendo. Pedi yake ilikuwa na vitufe tu, pamoja na ule msalaba wa Gunpei Yokoi. Chini ya kitufe kuna mpira wenye kaboni. Ukibonyeza, kaboni inaunganisha njia ya umeme. Kikigoma, fundi anafungua skrubu, anasafisha, kazi inaendelea.

Sasa ishike pedi ya kawaida ya PlayStation. Ndani ya kila stiki kuna vikinzani viwili vya kuzunguka, kanuni ileile ya 1972. Sehemu moja inasugua nyingine, na kinachosuguana kinalika. Matokeo yake tunayajua: beki anatembea mwenyewe hujamgusa. Kurekebisha kunataka kuyeyusha risasi kwenye miguu mingi midogo, na si kila fundi ana vifaa hivyo.

Dawa ilikuwepo. Pedi ya Sega Dreamcast, 1998, ilisoma stiki kwa sumaku, bila msuguano. Sony nao, kwenye DualSense Edge ya 2023, wameruhusu mchezaji abadilishe stiki mwenyewe. Lakini hiyo ni pedi ya bei ya juu.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Pedi ya kibanda cha Cheyo inapita mikono mingi kwa siku moja kuliko ya sebuleni kwa wiki. Anayeitumia zaidi ndiye anayeuziwa ile isiyofunguka. Tukiipima pedi, basi tuulize pia: ikifa Tabora, inafufukia Tabora?