Nipe Mji: Kitendawili, Bwana Msa na Haki ya Msomaji Mtoto

Fasihi ya watoto ya Kiswahili imehakikiwa zaidi kwa kigezo cha maadili: hadithi inafunza nini, na funzo hilo linamfaa mtoto wa umri gani? Makala haya yanauliza swali jingine. Hadithi inapomtegea fumbo msomaji wa miaka 9 hadi 12, je, inampa nyenzo za kulifumbua, au inamtaka asubiri mtu mzima amfumbulie? Tunadai kwamba Kiswahili kina kanuni yake ya kulijibu swali hilo, nayo imo katika kitendawili. Na kwamba kanuni hiyo inatuonyesha kipi cha kurithi, na kipi cha kuacha, katika riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla.

Kitendawili ni mkataba. Mtegaji husema "Kitendawili!", na hadhira ndiyo inayompa ruhusa kwa kuitikia "Tega!". Kuanzia hapo kila upande una wajibu. Mtegaji hategi kitu ambacho hadhira haikijui: yai, kivuli na moshi hutegeka kwa sababu vimo machoni pa kila mtu. Anayejibu ana haki ya kujaribu na kukosea. Akishindwa, mtegaji husema "Nipe mji", naye hutoa mji ndipo apewe jibu. Kwa kuwa kushindwa kuna gharama, jibu halina budi kuwa na thamani ya mji uliotolewa: likitajwa, aliyeshindwa akiri kwamba lilikuwa mbele yake muda wote. Mtegaji ambaye jibu lake lisingeweza kupatikana kwa njia yoyote amechukua mji wa mwenzake kwa hila.

Utanzu wa upelelezi umefikia kanuni kama hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi na mwandishi Mwingereza, aliweka amri 10 za hadithi ya upelelezi, mojawapo ikimtaka mpelelezi asifiche kidokezo chochote alichokigundua. Kwa wasomaji watoto, Mmarekani Donald J. Sobol aliitekeleza kanuni hiyo kwa uwazi zaidi katika Encyclopedia Brown, Boy Detective (1963): kila kisa husimama kabla ya ufumbuzi, na majibu huwekwa mwishoni mwa kitabu. Ukurasa ule wa majibu unafanya kazi ya mji. Mtoto anaufungua baada ya kujaribu, au baada ya kukubali kwamba ameshindwa.

Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, hakuwaandikia watoto, na si haki kumlaumu kwa mkataba asioutia saini. Hata hivyo, ndiye aliyeufungulia mlango utanzu huu katika Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale, mswada ulioshinda katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, ulimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Wahakiki wameona hapo kivuli cha Sherlock Holmes na Watson. Mara nyingi Najum huona anachokiona Bwana Msa, lakini maana yake hubaki katika moshi wa kiko hadi kurasa za mwisho. Msomaji amewekwa katika nafasi ya Najum: anastaajabia akili ya mwingine. Kwa mtu mzima hiyo ni burudani halali. Kwa mtoto ni marudio ya darasa ambamo mwalimu huuliza na kujijibu.

Lakini Abdulla ana urithi mwingine ulio mkubwa kuliko kiko. Mafumbo yake yameota katika ardhi ya Unguja. Mzimu na Giningi ni majina yenye uzito katika imani za watu wa huko, naye huyachukua kuwa pazia ambalo akili italifunua. Aghalabu siri yenyewe imo katika nasaba na ndoa, yaani katika mambo ambayo jamii ile inayajua na kuyanong'ona. Ushahidi wake ni maarifa ya mahali. Hapo ndipo riwaya zake zinapokikaribia kitendawili, na hapo ndipo mwandishi wa watoto anapopaswa kuanzia.

Tuchukue Idete, katika bonde la Kilombero. Hapa mto hufurika msimu wa masika na kuifunika mbuga, na familia nyingi huhamia kwa muda kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali na nyumbani. Mtoto wa Idete anajua ni lini mbuga haipitiki. Anajua pia kwamba ndege huamiwa mpunga unapokomaa, si baada ya mavuno. Sasa tubuni kisa: gunia la mbegu limeibwa, na mshukiwa anasema kwamba usiku ule wa Aprili alikuwa akirudi kutoka shambani kwa baiskeli, akikatisha katikati ya mbuga. Mtoto wa Idete atamkamata kabla ya mpelelezi yeyote. Maarifa ambayo shule huyaona kuwa ya kijungujiko yamegeuka kuwa hoja.

Pingamizi ni dhahiri: mtoto wa Makunduchi, asiyeijua mbuga ya Kilombero, si atakuwa amenyimwa haki ileile tunayoitetea? Mkataba wa kitendawili unatoa jibu. Mwandishi anawajibika kukiweka kitu mbele ya hadhira kabla ya kukitega. Sentensi moja ya mapema, inayoonyesha mitumbwi ikipita pale ambapo mwezi Desemba watoto walicheza mpira, inatosha kuwaweka wasomaji wote wawili sawa.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia vitabu vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni. Kwa hiyo suala la kufikisha vitabu limekuwa na watetezi. Suala la namna vitabu hivyo vinavyomheshimu msomaji kama mtu anayefikiri bado linawadai wahakiki. Tunapendekeza kigezo kimoja cha kuanzia. Mtoto akifika mwisho wa hadithi ya fumbo bila kulipata jibu, arudi nyuma atafute pale alipopitwa. Akipaona, mwandishi amestahili mji wake. Asipopaona popote, mji urudishwe.