Project Hail Mary: Fizikia Safi, Lugha Je?

Ryland Grace anazinduka mahali asipopajua, hakumbuki hata jina lake. Anafanya nini? Anadondosha vitu na kupima muda vinavyotumia kuanguka. Jibu: mchapuko wa takribani mita 15 kwa sekunde kwa sekunde, wakati hapa duniani ni 9.8. Basi hayuko duniani! Hapo ndipo Andy Weir anapotunasa katika riwaya hii ya 2021: anaonyesha tunajuaje, si tunajua nini tu.

Shida inaanza Grace anapokutana na Rocky, kiumbe kutoka nyota nyingine anayeongea kwa sauti kama za muziki. Kwa kompyuta na subira, wanaelewana upesi mno. Jamani! Sisi binadamu tukieleza fizikia kwa Kiswahili, "nguvu", "kani" na "nishati" bado zinatuchanganya. Weir anatutoa jasho kwenye hesabu, lakini kwenye maana anapita njia ya mkato.

Isome hata hivyo, na uwe na kalamu na karatasi. Hesabu zake kagua. Ukifika kwenye mazungumzo, usiache kukagua.