Mlango wa Nakshi Hukaguliwa Kuanzia Chini

Anayepita Mji Mkongwe wa Zanzibar huinua macho moja kwa moja kwenye kizingiti cha juu, maana huko nakshi imejaa. Ukitaka kujua kama mlango umekarabatiwa kwa ustadi, chutama kwanza. Miimo huoza kuanzia chini kwa maji ya njiani na chumvi, na fundi mwenye haraka hukata sehemu mbovu, akajaza saruji, akapaka rangi ya mbao. Katika milango mingi ya kale nakshi huzaliwa hapo hapo chini, kwa samaki au mawimbi, kisha mmea unapanda mwimo hadi juu. Mmea ukiota kwenye saruji, kisa kimekatwa mwanzo wake.

Kiraka chema hakijifichi. Ni msaji juu ya msaji, au mbambakofi juu ya mbambakofi, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja, na kiungo kimekatwa mshazari ili maji yateleze nje. Kikiwa cheupe kidogo kuliko jirani yake, mimi hukipenda zaidi: kinasema ukweli, na miaka itakiivisha. Tazama pia kilichokishikilia. Skurubu ya chuma hushika kutu katika hewa ya bahari, ikavimba na kupasua mbao.

Sasa pitisha kidole kwenye nakshi. Kazi ya patasi ina kingo kali, na jani moja halilingani kabisa na mwenzake. Mlango uliopigwa mashine ya msasa huwa kama sabuni iliyokwisha kutumika: laini, mviringo, bila uso. Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, kwa kuwa kuoza kunatibika, lakini ukingo uliosagwa haurudi. Vanishi nzito ya kung'aa mara nyingi huwekwa kufunika dhambi hiyo.

Linganisha mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na miimo: kina cha kuchonga na mkono wake, kwani milango huuzwa vipande vipande na kuunganishwa upya. Usisahau ukuta: fremu iliyozungushiwa saruji badala ya chokaa hubaki na unyevu uliozuiwa ndani.

Mwisho, mwombe fundi akuonyeshe vipande alivyovitoa. Karakana inayojua kazi huvihifadhi hata vikiwa vimeliwa na mchwa, kwa sababu ndivyo kielelezo cha kuchongea vipya.