Patrick Roy na hesabu ya kuziba goli

Goli la hoki ya barafu lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122. Paki, kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, huweza kuja kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Ikipigwa kutoka karibu, kipa hapati muda wa kuiona kisha aamue. Kipa Patrick Roy wa Quebec, Kanada, alilijibu tatizo hilo kwa hesabu: paki haifukuzwi, huzibiwa njia kabla haijafika.

Mtindo wake huitwa kipepeo. Magoti mawili hushuka kwa pamoja, miundi ikatanuka kushoto na kulia, pedi zikalala juu ya barafu na kuziba eneo lote la chini. Gongo hufunga upenyo wa katikati, kiwiliwili kikabaki wima, mikono ikalinda juu. Hatari hubaki kwenye pembe za juu. Dawa yake ni kipa kusogea mbele ya mstari kabla ya kupiga magoti, kwani kadiri anavyomkaribia mpigaji ndivyo goli linavyofichika nyuma yake.

Makipa Glenn Hall na Tony Esposito walimtangulia katika kupiga magoti. Roy na kocha wake wa makipa, François Allaire, waliugeuza ujuzi huo kuwa mfumo: wapi pa kusimama, wakati gani wa kushuka, namna ya kuinuka.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1986, akiwa na miaka 20, alitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafu, akiwa na timu ya Montreal Canadiens, na kutajwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Mwaka 1993 walitwaa tena, wakishinda mechi 10 mfululizo katika muda wa nyongeza, ambapo bao moja humaliza mchezo. Desemba 1995 alifungwa mabao 9 na timu ya Detroit, akahamishiwa timu ya Colorado siku chache baadaye, na Juni 1996 akanyanyua kombe hilo hilo. Mwaka 2001 alilitwaa mara ya nne.

Kipa Martin Brodeur alikuja kuipita rekodi yake ya ushindi 551 wa msimu wa kawaida, na kipa Dominik Hašek alikuwa na wepesi usioigika. Lakini Roy aliacha ufundi unaofundishika. Jean-Sébastien Giguère, mwanafunzi mwingine wa Allaire, aliutumia kuwa mchezaji bora wa mtoano wa 2003. Kwa kipimo hicho, hakuna kipa aliyeubadilisha mchezo huu kumzidi Roy.