Kifo Kabla ya Mwisho

Wanaofundisha uandishi wa filamu huanza na Aristotle: hadithi iwe na mwanzo, kati na mwisho. Mwaka 1979 Mmarekani Syd Field akaitia kanuni hiyo vipimo katika kitabu chake Screenplay: muswada wa kurasa 120, ukurasa mmoja kwa dakika moja, robo ya kwanza ya kumtambulisha mhusika, nusu ya kumpambanisha na vikwazo, robo ya mwisho ya kuufumbua mgogoro. Vipimo hivyo vimewafaa wengi, nami sivibezi. Lakini vinapima urefu. Ufundi wenyewe ni kugawa maarifa: nani ajue nini, na akijue lini.

Sijaona filamu inayoudhihirisha ufundi huo kama Ikiru ya Akira Kurosawa, iliyotoka Japani mwaka 1952. Aliiandika pamoja na Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni. Picha ya kwanza kabisa ni eksirei ya tumbo, na sauti ya msimulizi inatuambia kwamba mwenye tumbo hilo ana saratani, ila mwenyewe bado hajui. Ni Kanji Watanabe, mkuu wa kitengo katika ofisi za jiji, mtu aliyezeeka akigonga mihuri. Akina mama wa mtaa wanakuja kulalamikia dimbwi la maji machafu. Wanazungushwa dirisha hadi dirisha mpaka wanajikuta pale pale walipoanzia. Naye Watanabe anaugundua ugonjwa wake kwa njia ya kikatili. Kwenye chumba cha kusubiri, mgonjwa mwenzake anamweleza maneno ambayo madaktari humwambia mtu asiye na tumaini. Anaingia ndani, na daktari anamwambia maneno hayo hayo.

Baada ya kuhangaika sana, anaamua kuligeuza lile dimbwi kuwa bustani ya watoto. Hapa mtazamaji anajiandaa kuona mapambano. Kurosawa anakata. Msimulizi anatangaza kwamba miezi mitano baadaye Watanabe alifariki, na ghafla tuko msibani, karibu theluthi nzima ya filamu ikiwa bado mbele yetu.

Maafisa wameketi wanakunywa. Naibu meya anajitwalia sifa za bustani. Kisha akina mama wale wanaingia, wanafukiza ubani mbele ya picha ya marehemu, wanalia, wanaondoka. Hakuna anayethubutu kuinua macho. Aliyewahi kukaa matangani na watu waliomdhulumu marehemu anaujua ukimya huo. Hapo ndipo wafanyakazi wenzake wanaanza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine, na kwa mbinu rejeshi tunamwona Watanabe akisimama milangoni mwa wakubwa, akiinama, akikataa kuondoka. Kila mmoja ana kipande chake. Wanabishana kama marehemu alijua kwamba anakufa. Sisi tunajua, na jibu hilo limetuelemea tangu mapema, wala hatuna namna ya kuwafikishia.

Kifo kingewekwa mwishoni, tungemlilia mgonjwa tukaenda zetu. Kimesogezwa mbele ili tuwapime walio hai. Wanazuoni wa Urusi wa miaka ya 1920, Viktor Shklovsky akiwa miongoni mwao, walitenganisha visa kama vilivyotokea na visa kama vilivyopangwa. Darasani tofauti hiyo ni kavu. Kwa Kurosawa ina damu, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio unaotoa hukumu: usiku maafisa wanaapa kwa machozi kwamba watafuata nyayo za marehemu, na wanaporudi kazini mlalamikaji anaelekezwa dirisha jingine.

Basi wewe unayeandika muswada wako wa kwanza, acha kwanza kuhesabu kurasa. Kwa kila onyesho, orodhesha anachokijua mhusika, na pembeni yake anachokijua mtazamaji. Orodha hizo mbili zikilingana kuanzia mwanzo hadi mwisho, panga upya.