Kilosa na Uarabuni: Ukanda Mmoja, Kina Tofauti

Mtafuta madini aliyezoea jangwa la Saudi Arabia huanza kazi mezani. Mwamba uko wazi, na picha za setilaiti humwonesha rangi na mipasuko yake. Mlete Kilosa, Tanzania: picha zile zile zitamwonesha miombo, mashamba na nyasi.

Hata hivyo nchi hizi mbili ni za ukanda mmoja. Arthur Holmes aliupa upande wetu jina la Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Mwaka 1994 Robert Stern akauunganisha na ngao ya Uarabuni na Nubia. Mabara yaligongana zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, bahari ya katikati ikafungwa. Kaskazini yamebaki matabaka ya juu, yenye volkano za kale na mishipa ya dhahabu kama ya Mahd adh Dhahab. Kwetu mmomonyoko umekwangua kilomita nyingi hadi kwenye mwamba uliopikwa kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Joto la namna hiyo hugeuza kaboni kuwa kinywe, kama kule Mahenge, na kwenye mwamba wenye alumini nyingi na silika kidogo huzaa rubi, kama ya Winza, Mpwapwa. Ndiyo maana anayekuja Kilosa na orodha ya Geita mkononi anapoteza fedha. Dhahabu ya Geita iko kwenye kratoni, yaani kiini cha kale cha bara, mwamba mwingine kabisa.

Kazi hapa huanzia mtoni. Vijito vinavyoshuka milimani kuingia Mkondoa vimekwishakusanya sampuli: mtafiti huchekecha mchanga, huuosha kwenye karai, kisha huchunguza punje nzito zilizobaki chini. Zikipatikana za madini anayoyatafuta, hupanda na kijito hadi zinapokoma. Hapo ndipo huhamia kwenye udongo, mitaro, na mwisho uchorongaji, ambao ni ghali. Ramani za sumaku zilizopimwa kwa ndege nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1970 husaidia kuona mikunjo iliyofichwa na udongo.

Uwanda wa Mkata na Mikumi ni habari nyingine. Ardhi ilididimia kati ya mipasuko, ikajaa mashapo ya Karoo, yenye umri sawa na makaa ya mawe ya Ruhuhu. Kutafuta kinywe au rubi humo ni kupoteza muda, na sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Mwenye leseni Kilosa aanze na karai. Mashine ya kuchoronga isubiri.