Jicho ni Amana: Maneno kwa Kijana Mwenye Kamera



Katika jiji letu la Arusha vijana wa vyuo wamependa sana kupiga picha. Alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru, utamkuta mmoja wao juu ya paa la bweni anaungoja mwanga. Mchana yuko Mnara wa Saa. Siku ya gulio yuko Tengeru, akiwapiga picha akina mama wauza ndizi. Na usiku halali mpaka azitazame tena picha zake, na ahesabu ni watu wangapi wamezisifu.

Wazee wengi humwona kijana huyu kuwa mpuuzi. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayeungoja mwanga kila alfajiri amejifunza subira, na amejifunza kuvitazama viumbe vya Mola wake. Na haya ni mambo mawili waliyoyakosa wengi wanaomcheka. Lakini kazi yake nayo ina haki ya kupimwa, kama tunavyopima kaswida au hotuba. Kusifu kila kitu ni njia nyingine ya kumdharau mtu. Basi leo nakusudia kuipima.

Kwanza niondoe swali ambalo najua msomaji analo moyoni: je, ni halali? Wanavyuoni hawakuafikiana. Wamo walioshikamana na hadithi za onyo kali juu ya wachora sura, wakaruhusu picha ya dharura tu, kama ya pasi au kitambulisho. Miongoni mwao ni marehemu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia. Na wamo waliosema kuwa kamera haiumbi kitu, bali inazuia kivuli kama kioo kinavyozuia. Miongoni mwao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914, ambaye aliandika risala juu ya jambo hili. Wala elimu yenyewe ya kamera si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, alieleza jinsi nuru ya jua lililopatwa inavyopita katika tundu dogo ikachora umbo la hilali upande wa pili. Mimi nafuata kauli ya pili, na asiyeifuata namheshimu. Lakini tanabahi, ewe kijana: hata waliohalalisha hawakuhalalisha kila picha. Kisu ni halali, na kwa kisu huchinjwa mbuzi wa akika na huchomwa mtu pia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa Mwislamu mwenzetu, marehemu Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza kushika kamera angali mtoto, na mwaka 1963 akafungua hapo Dar es Salaam kampuni yake, Camerapix. Mwaka 1991 mkono wake wa kushoto ulikatika katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, lakini hakuacha kazi. Alifariki tarehe 23 Novemba, 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kati ya kazi zake nataka nitazame mbili. Ya kwanza ni kitabu chake cha picha za Hija, Pilgrimage to Mecca, kilichotoka mwaka 1978. Ya pili ni picha za njaa alizozipiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, akiwa pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Zilipoonyeshwa tarehe 23 ya mwezi huo dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid.

Mwenye kuhiji amevaa shuka mbili nyeupe, ameacha cheo na mali, na amekwenda kwa hiari yake. Picha ya mtu huyo haimpunguzii kitu. Humkumbusha mtazamaji kuwa wanadamu ni sawa. Lakini mwenye njaa wa Korem hakwenda kwa hiari. Alikuwa amelala mbele ya kamera hana nguvu ya kusema ndiyo wala hapana. Je, ilijuzu kumpiga picha?

Jawabu langu ni kuwa ilijuzu, na huenda ilikuwa wajibu. Kanuni ya fikihi inajulikana: dharura huhalalisha kilichozuiwa, kwa kadiri yake. Bila ya picha zile watu wangeendelea kufa kimya kimya. Lakini neno "kwa kadiri yake" lina uzito. Leo dunia inalijua jina la aliyepiga picha, na inalijua jina la aliyesoma khabari. Ama waliokuwa ndani ya picha, wengi wao hawajulikani hata kwa jina. Huo ndio upungufu wa kazi ile kubwa. Simlaumu marehemu peke yake, maana ndiyo desturi ya wapiga picha wote. Nasema kuwa deni hilo bado halijalipwa.

Na sisi wa Arusha tunalijua deni hili kutoka upande wa pili. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyopigwa katika nchi yetu hii, Momella ikiwa ndani yake. Na ajabu ni kuwa mmoja wa wahusika wake ni mwanamke mpiga picha. Mlima umo, faru wamo, twiga wamo. Lakini wenyeji wenye nchi hupita pembeni kama miti. Muda mfupi baada ya Tanganyika kupata uhuru, dunia iliionyeshwa nchi yetu kana kwamba haina wenyewe.

Basi nikizitazama picha za vijana wetu wa chuo, nasikitika kuona wengi wanarudia kazi ya wageni wale. Picha ya Meru ya kijana huyu ni safi, mwanga umekaa mahali pake, lakini haina mtu. Anakwenda Ngarenanyuki, anapiga uwanda mpana na mlima nyuma yake, anaandika chini: "Utulivu." Hajui kuwa mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi hiyo ili wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa moto, na kwamba mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Waliokuwa watoto siku ile, waliobaki hai, ni wakongwe wa miaka themanini na zaidi. Wakifa hao, kamera gani itaweza kuwarudisha? Picha nzuri ya uwanda ule itakuwapo kesho na kesho kutwa, mlima haukimbii. Uso wa mzee hausubiri.

Na akimpiga mtu, humpiga vipi? Mama wa Kimasai aliyeketi sokoni huibiwa sura yake kwa mbali, kisha huwekwa mbele ya maelfu ya macho kwa jina la "Mmasai". Sisi tumefundishwa kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na Suratul Hujurat imetukataza kuchunguzana. Je, uso wa mtu una hadhi ndogo kuliko mlango wake? Na ikiwa hayo hayakutoshi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imelinda mambo ya mtu yasitumiwe ovyo. Lakini Mwislamu asingoje polisi amfunze adabu.

Yapo mengine nitayapitia kwa ufupi, kwani hayahitaji maelezo marefu. Maiti hapigwi picha kwa ajili ya kujionyesha kuwa ulikuwapo mazishini. Dada zako wa bwenini si mandhari. Na mwenye kutoa sadaka huku mwenzake anampiga picha, basi na ajiulize malipo yake anayataka kwa nani.

Ewe kijana, sikuambii uiweke chini kamera. Nakuambia uongeze kazi. Kabla hujapiga, toa salamu. Omba ruhusa, na ukinyimwa, shukuru uende zako. Ukipewa, uliza jina, uliandike pamoja na mahali na tarehe, na umrudishie mwenyewe picha moja iliyosafishwa akaiweke nyumbani kwake. Nenda kwa bibi yako kabla hujakwenda kwa watalii. Mpige mwalimu aliyekufundisha alifu, na fundi cherehani wa Ngarenaro, na mzee wa Ngarenanyuki, kila mmoja kwa jina lake. Baada ya miaka hamsini watu hawatauliza ulisifiwa na wangapi. Watauliza: huyu ni nani? Na jawabu litakuwa limeandikwa kwa mkono wako.

Jicho ni amana, na Siku ya Kiyama kuona kwetu kutaulizwa pamoja na kusikia kwetu na nyoyo zetu. Kamera imelirefusha jicho hilo, basi na hisabu yake imerefuka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, aibariki elimu yao, na atujaalie sote kuwa katika wanaotazama wakazingatia. Amin.